Wino Mwekundu na Lahaja: Uhakiki wa Usahihishaji wa Insha za Kiswahili katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Miongoni mwa magomvi yazukayo kati ya mwanafunzi na mwalimu wake, ugomvi wa alama ndio mkaidi kuliko yote. Katika hesabu huwa mfupi, maana swali laweza kufanywa upya ubaoni mbele ya darasa zima na kila mtu akaona palipokosewa. Katika insha ya Kiswahili hauishi upesi, na katika mwambao wa Kenya kutoka Mtwapa hadi Mambrui una sura yake pekee. Huku mwanafunzi aliyezaliwa na kulelewa katika Kiswahili hurudishiwa insha yake ikiwa na mistari ya wino mwekundu chini ya maneno aliyoyapokea kwa mama yake. Akiuliza kosa ni lipi, huambiwa kwamba hicho si Kiswahili. Akijibu kwamba ndivyo wasemavyo kwao, huonekana mjeuri. Mwalimu hubaki na alama yake, mwanafunzi hubaki na dukuduku lake, na hakuna aliyejifunza neno.

Makala hii yakusudia kuuhakiki usahihishaji wa namna hiyo kama vile kazi yoyote ya lugha ihakikiwavyo, yaani kwa kuangalia kanuni zake na kupima kama kanuni hizo zapatana zenyewe kwa zenyewe. Hoja yake ni kwamba wino mwekundu huyaadhibu kwa adhabu moja mambo matatu yasiyofanana: kosa la sarufi, umbo la lahaja, na uteuzi wa mtindo. Maadamu mambo hayo hayajatengwa, alama itolewayo haiwezi kutetewa na aliyeitoa wala kukubaliwa na aliyepewa.

2. Kipimo kilikotoka

Kipimo kinachotumiwa shuleni kina tarehe. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikapewa jukumu la kusanifisha tahajia, kukagua vitabu vya shule na kuvipa ithibati. Uamuzi ule haukupita bila ya upinzani. Wamisionari wa Mombasa walikuwa na akiba yao ya Kimvita: kamusi ya Krapf, ambaye alikaa miaka mingi Rabai, ilikuwa imechapishwa mwaka 1882, na mkusanyiko wa mithali wa W. E. Taylor ulikuwa umetoka mwaka 1891. Lakini Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusambaa bara kwa njia za misafara, kilikuwa na kazi ya Steere na wenzake wa Zanzibar, na kilikuwa kimetumiwa na utawala wa Wadachi katika Tanganyika. Kilichaguliwa kwa sababu ya kuenea kwake. Uamuzi wenyewe haukuwa na haja ya kuthibitisha, wala haukuthibitisha, kwamba neno “macho” ni Kiswahili zaidi kuliko neno “mato”.

Jambo hili halikusahauliwa na wenyeji. Mwaka 1977 vilitoka vitabu viwili vinavyostahili kusomwa pamoja. Katika Historia ya Kiswahili, Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walizipa lahaja nafasi yake katika masimulizi ya lugha nzima. Abdallah Khalid, kwa ukali mkubwa zaidi, alikikataa Kiswahili Sanifu akikiona ni kazi ya mikono ya Wazungu, akataka Kimvita ndicho kiwe msingi. Hoja ya Khalid ina nguvu pale inapouliza ni nani aliyekipa kipimo hicho mamlaka. Udhaifu wake ni kwamba lau ingefuatwa, ingeihamisha fimbo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mtoto wa Unguja ndiye ambaye angepigiwa mstari chini ya “macho”, na mtoto wa Kisumu angeanza kujifunza upya. Dhuluma haimo katika kuchagua lahaja moja iwe ya maandishi, kwani lugha yoyote ya shule huhitaji uteuzi huo. Imo katika jinsi zile ambazo hazikuchaguliwa zinavyotendewa baadaye.

Uzito wa jambo hili uliongezeka mwaka 1985. Kabla ya hapo Kiswahili hakikutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi nchini Kenya, na kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi waliweza kutofautiana bila ya hasara kubwa. Mfumo wa 8-4-4 ulikifanya kiwe somo la lazima lenye mtihani. Mtihani wa KCPE ulidumu kutoka mwaka huo wa 1985 hadi mwaka 2023, na ule wa KCSE umefanywa tangu 1989. Tangu wakati huo, alama moja ya insha imeweza kumvusha mtoto wa Takaungu au kumzuia. Katika mtaala mpya uliokuja kuchukua nafasi ya 8-4-4, tathmini zifanywazo na mwalimu mwenyewe shuleni nazo huingizwa katika hesabu ya mwanafunzi. Kalamu ya mwalimu wa darasa imezidi kuwa nzito.

3. Lugha za nyumbani

Ni kosa kulidhania eneo hili kuwa na lahaja moja iliyo safi. Miji yake imejengwa na wahamaji. Sehemu ya Mazrui walihamia Takaungu baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837, na Kimvita kikaja nao. Malindi, iliyokuwa imedhoofika kwa muda mrefu, ilifufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya utawala wa Sultani wa Zanzibar, ikavuta watu wa Lamu, wa Mvita, wa Hadhramaut, na watumwa kutoka sehemu nyingi za bara. Vita vya mashifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 vilileta Wabajuni wengi waliokimbia visiwa vyao. Nyuma ya miji hiyo, kutoka Rabai na Kaloleni hadi Ganze na Bamba, kuna lugha za Wamijikenda: Kigiriama, Kichonyi, Kikauma, Kijibana, Kikambe, Kiribe na Kirabai. Wanaisimu huziweka lugha hizi katika kundi moja la Sabaki pamoja na Kiswahili.

Mfano mmoja watosha kuonyesha ujamaa huo. Pale Kiunguja kisemapo “macho”, Kimvita na Kiamu husema “mato”, na Kigiriama husema “matso”. Ni neno moja lililopita katika njia tatu. Lakini athari yake darasani haiwi moja. Mtoto wa Kigiriama hajaribiwi sana kuandika “matso” katika insha ya Kiswahili, kwa kuwa anajua kwamba anavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na mpaka huo anauona. Mtoto wa Mambrui huandika “mato” bila ya kusita, kwa kuwa hajui kwamba pana mpaka. Kwake nyumbani ni Kiswahili na shuleni ni Kiswahili, na hakuna aliyemwambia kwamba jina hilo moja lina vitu viwili ndani yake.

Hapa ndipo penye maelezo ya jambo lisemwalo mara nyingi Kenya nzima kwa mzaha, kwamba Mswahili hushindwa Kiswahili na mtu wa bara. Mtu wa bara amekisoma Kiswahili Sanifu kama somo, sura baada ya sura. Mswahili hudhaniwa kuwa amekuja nacho, kwa hiyo hafundishwi, kisha hutahiniwa katika kile ambacho hakufundishwa. Mzaha huo, basi, wahusu mafunzo zaidi kuliko akili za watoto.

4. Sentensi nne

Ili mjadala usielee hewani, na zitazamwe sentensi nne zilizotungwa hapa kwa ajili ya mfano, za namna ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kuziandika:

(a) Mgonjwa alifumbua mato akatutazama.
(b) Wenzake walimteka kwa sababu ya viatu vyake.
(c) Kitabu zangu zilipotea njiani.
(d) “Ndoo hapa, mwanangu,” nyanya akamwita.

Msahihishaji mwenye haraka atapiga mstari mwekundu katika zote nne na kuondoa alama iliyo sawa. Lakini ziangaliwe moja moja.

Katika (a), “mato” ni umbo la Kimvita na Kiamu. Sarufi ya sentensi ni timamu, upatanisho ni timamu, na msomaji hawezi kupotea, kwani hakuna kingine ambacho mgonjwa angekifumbua. Kilichokosekana ni umbo la sanifu peke yake.

Katika (b) mambo ni mengine. Mwandishi amekusudia kusema kwamba wenzake walimcheka, maana “kuteka” kwa Kimvita ndiko kucheka. Msomaji wa Nakuru au wa Dodoma atasoma kwamba mtoto huyo alitekwa nyara kwa ajili ya viatu. Hapa lahaja imeivunja kazi ya kwanza ya maandishi, yaani kufikisha maana kwa mtu asiyekuwapo. Mwalimu anayo haki ya kulihesabu kosa, na mwanafunzi akielezwa sababu hii hana la kujibu.

Sentensi (c) ni kosa katika lahaja zote za pwani. Hakuna bibi wa Malindi wala wa Siyu asemaye “kitabu zangu”. Umbo hilo limetoka katika mazungumzo ya miji ya bara, na linavunja upatanisho wa ngeli ambao ndio uti wa mgongo wa lugha. Ajabu ni kwamba kosa hili, ambalo ndilo zito kuliko yote manne, huadhibiwa sawasawa na “mato”.

Ama (d), si kosa hata kidogo. Nyanya ndiye anayesema, na nyanya wa Mambrui husema “ndoo” pale ambapo Kiunguja husema “njoo”. Mwandishi amesikia sauti ya mtu wake akaiandika. Kumlazimisha nyanya huyo aseme Kiswahili cha vitabu ni kumharibu mhusika. Ikiwa insha hupimwa kwa mtindo pamoja na sarufi, sentensi hii yastahili kuongezwa alama.

Sentensi nne, basi, zina hukumu nne, ilhali mstari ni mmoja. Mwanafunzi anayeuliza “kosa langu ni lipi?” hutaka kujua yuko wapi kati ya hizo nne. Swali hilo ni la isimu, na ni dhuluma kulijibu kwa nidhamu.

5. Karatasi tatu, hukumu tatu

Kutopatana huku hakumo katika kalamu ya mwalimu mmoja. Kumo katika mpango wa somo lenyewe. Kiswahili cha KCSE kimekuwa na karatasi tatu: ya kwanza ni Insha, yenye alama 40, ya pili ni ya matumizi ya lugha, pamoja na ufahamu, ufupisho na isimujamii, yenye alama 80, ya tatu ni Fasihi, yenye alama 80.

Katika isimujamii mwanafunzi hufundishwa kwamba lahaja ni vijilugha vya lugha moja, kwamba hakuna lahaja iliyo bora kuliko nyingine kwa asili yake, na kwamba Kimvita, Kiamu na Kiunguja zote ni Kiswahili. Akiandika hivyo, hupata alama. Katika ushairi huulizwa jinsi mshairi alivyoutumia uhuru wake, na miongoni mwa majibu yanayokubaliwa ni kwamba ametumia maneno ya lahaja. Akilitaja “mato” kuwa ni mfano, hupata alama. Katika insha akiliandika neno hilohilo kwa mkono wake, huipoteza. Neno moja limekuwa la haki katika karatasi ya pili, pambo katika ya tatu, na kosa katika ya kwanza.

Jibu la kawaida ni kwamba mshairi ana ruhusa ambayo mwandishi wa insha hana. Jibu hili halitoshi, kwa kuwa limesimama juu ya dhana isiyo sahihi kuhusu washairi wenyewe. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, na Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, hawakuwa wakiomba ruhusa ya kuiacha lugha sanifu. Lugha sanifu ilikuwa haijawako. Waliandika kwa lugha ya fasihi ya zama zao na mahali pao. Abdilatif Abdalla naye aliandika Sauti ya Dhiki gerezani, kati ya mwaka 1969 na 1972, kwa Kimvita chake. Kitabu kikachapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kukiita Kimvita hicho “uhuru wa mshairi” ni kusema kwamba mtu akiongea lugha yake ametumia ruhusa. Istilahi hiyo yafaa kwa inkisari na mazida, ambapo neno hufupishwa au hurefushwa kwa ajili ya mizani. Haifai kwa lahaja, na kuiweka lahaja katika orodha hiyo ni kumfundisha mwanafunzi wa Malindi kwamba usemi wa kwao ni ulegevu unaosamehewa watu maarufu.

6. Hoja ya mwalimu na hoja ya mwanafunzi

Haifai kumhukumu mwalimu kana kwamba ana chuki. Mara nyingi yeye mwenyewe amekisoma Kiswahili vitabuni, mbali na pwani, na kitabu ndicho mhimili pekee alio nao anapokabiliwa na darasa la watoto wanaosema kwa wepesi kuliko yeye. Isitoshe, anayo hoja nzito: mtahini wa taifa hamjui mtoto huyu, hatasikiliza maelezo yake, na karatasi ya mtihani hairudishwi kwa mtahiniwa ili aulize. Mwalimu akilipitisha “mato” leo, atakuwa amemtega mwanafunzi wake kwa siku ile. Heri wino wake mwekundu sasa, asema mwalimu, kuliko ule asioweza kuuona baadaye.

Hoja hii ni ya kweli, lakini yaishia mahali tofauti na pale mwalimu anapodhani. Inathibitisha kwamba mwanafunzi lazima aambiwe umbo la sanifu. Haithibitishi kwamba lazima aambiwe umbo lake ni kosa. Mtoto aliyeambiwa “kwenu ni mato, kitabuni ni macho” amepata maneno mawili na kanuni moja, na kanuni hiyo itamsaidia vilevile katika mtele na mchele, katika kuteka na kucheka. Mtoto aliyepigiwa mstari bila neno amepata hasara tu, na kesho ataikosa kanuni ileile katika neno jingine.

Upande wa pili, kauli ya “ndivyo tusemavyo nyumbani” si hoja kamili. Nyumbani pia watu huteleza, hukatiza sentensi, huchanganya lugha. Usemi wa nyumbani ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Mwanafunzi anayetaka kulitetea neno lake yampasa aonyeshe kwamba ni la lahaja inayojulikana, kwamba halimpotezi msomaji, na kwamba mahali alipolitumia panalistahili. Akishindwa, akubali.

Wala ubishi wa namna hii si ugeni katika mila ya lugha hii. Washairi wa Mvita na wa Lamu katika zama za Muyaka bin Haji walijibizana kwa mashairi juu ya vita na juu ya heshima za miji yao. Katika majibizano ya malenga, aliyelaumiwa hakunyamazishwa. Alijibu, naye mlaumu alitakiwa alete hoja iliyo bora kuliko ya mwenzake, na wasikilizaji walihukumu. Katika chuo cha Kurani pia, mwanafunzi akikosea herufi, mwalimu humsimamisha papo hapo, humtamkia, naye hurudia mpaka inyoke. Kosa na maelezo yake huja pamoja. Ni katika daftari la insha tu ndipo hukumu ilipozoea kuja peke yake.

7. Namna ya kusahihisha

Yafaa, kwa hiyo, usahihishaji wa insha katika pwani hii ufuate utaratibu ulio wazi kwa pande zote mbili. Kwanza, mwalimu atofautishe alama zake za pambizoni: alama moja ya kosa la sarufi, kama “kitabu zangu”, nyingine ya tahajia, na ya tatu ya lahaja, ambapo ataandika umbo la sanifu juu ya neno bila ya kulifuta lile la mwandishi. Pili, umbo la lahaja lisiondolewe alama katika mazoezi ya darasani isipokuwa pale linapopoteza maana kama “walimteka”, na mwanafunzi ajulishwe waziwazi kwamba katika mtihani atahitajiwa aandike sanifu. Tatu, usemi wa wahusika upimwe kwa ukweli wa sauti zao.

Nne, na hili ndilo la msingi, mwanafunzi awe na haki ya kuuliza sababu ya alama na kujibiwa kwa maneno ya lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na katika kifungu hichohicho cha 7 imeipa Dola jukumu la kuendeleza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Itakuwa vigumu kulitimiza jukumu hilo ikiwa umbo la lahaja linaingia katika daftari la shule kwa njia ya mstari mwekundu tu.

Yawezekana kupinga kwamba utaratibu huu utamwongezea kazi mwalimu mwenye madaftari mengi. Ni kweli, katika muhula wa kwanza. Lakini darasa lililokwisha kuelezwa mara moja uhusiano wa t na ch, na wa nd na nj katika “ndoo” na “nde”, halihitaji kuelezwa tena kwa kila neno. Wanafunzi wenyewe wataanza kuzikusanya jozi hizo kutoka majumbani kwao, na mtoto wa Ganze ataongeza safu yake ya Kigiriama. Mwalimu atakuwa amepata somo zima la isimu kutokana na kile alichokuwa akikifuta.

8. Hitimisho

Ugomvi wa alama katika shule za Malindi na Kilifi umekuwa ukitazamwa kama suala la adabu za wanafunzi au ugumu wa walimu. Uchunguzi uliofanywa hapa waonyesha kwamba asili yake ni kipimo kinachosema mambo matatu kwa wakati mmoja kuhusu neno moja. Kiswahili Sanifu kina kazi yake, nayo ni kubwa: kumwezesha mtu wa Mambrui aandike akasomwa Bukavu. Kazi hiyo haihitaji kumkanushia mtu huyo lugha aliyoletwa nayo duniani. Wakaguzi wa mitaala na waandishi wa miongozo ya kusahihishia wanao uwezo wa kulirekebisha hili kwa kuipatanisha karatasi ya kwanza na ile ya pili na ya tatu. Hadi watakapofanya hivyo, mwalimu wa darasa anaweza kuanza na daftari lililo mbele yake, kwa kuandika kando ya kila mstari mwekundu neno moja la kueleza ni kosa la namna gani.